Mwani Sumbufu Kwenye Akwariamu ya Maji Chumvi: Utambue Kwanza, Ndipo Uutibu

Wanaoanza kufuga samaki wa baharini hapa Arusha na Moshi huniuliza maswali yaleyale. Mchanga umegeuka kahawia. Mawe yameota nywele za kijani. Kuna utando mwekundu, ukiutoa leo kesho umerudi. Swali la mwisho ni moja kila mara: nitie dawa gani?

Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mpangilio. Kuna jambo moja ningependa ulishike kabla ya mengine yote: uchafu wa kahawia unaofanana kwa macho unaweza kuwa viumbe viwili tofauti kabisa, na kinachomuua mmoja humnenepesha mwingine. Ndiyo maana kutambua ni nusu ya kazi. Anayekimbilia dawa kabla ya kutambua mara nyingi huishia kuua konokono na matumbawe huku mwani ukibaki palepale.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Vipimo vya naitreti na fosfeti, virutubisho viwili vinavyolisha mwani. Cha fosfeti kiwe kinachosoma viwango vidogo, chini ya miligramu 0.1 kwa lita.
- Rifraktomita ya kupima chumvi. Lengo ni gramu 35 kwa lita, yaani uzito linganifu wa takriban 1.025 hadi 1.026.
- Mpira mwembamba wa kufyonzea maji, mswaki mpya, kadi ngumu ya plastiki, na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.
- Tochi, na chujio la karatasi la kahawa.
- Maji chumvi masafi yaliyokwisha kuandaliwa, angalau asilimia 15 ya ujazo wa tangi.
- Pampu ya hewa, ikiwezekana ya betri. Umuhimu wake utauona mbele.
- Daftari. Andika vipimo na tarehe, usitegemee kumbukumbu.

Ukipata mtu mwenye mikroskopu ya shule au maabara, mwombe dakika kumi. Ukuzaji wa mara 400 unamaliza ubishi wote.

Hatua ya 1: Tazama tangi mara mbili kwa siku, usiguse kitu

Mara ya kwanza iwe alfajiri, kabla taa hazijawaka, kwa kutumia tochi. Mara ya pili iwe saa 10 au 11 jioni, taa zikiwa zimewaka kwa saa nyingi. Fanya hivyo siku mbili au tatu. Angalia kama uchafu umepungua usiku na kuongezeka jioni, kama una viputo vya hewa, na kama konokono wako wanatembea au wamelala chali mchangani.

Hatua ya 2: Mpe adui jina lake

*Dayatomu.* Ni vumbi la kahawia au la dhahabu juu ya mchanga, kioo na mawe. Ukipitisha kidole linatoka kirahisi na kutawanyika majini. Halina nyuzi ndefu. Hutokea zaidi kwenye tangi lenye wiki chache tangu lianzishwe, na kinacholistawisha zaidi ni silika, madini ya kwenye miamba yanayoyeyuka majini.

*Dainoflajelati.* Nao ni kahawia, lakini ni ute unaonata, wenye nyuzi zinazoning'inia kutoka kwenye mawe na ncha za matumbawe. Tazama ncha ya kila uzi jioni: mara nyingi utakuta kiputo kimoja cha hewa kimenaswa hapo, kinauvuta uzi uelekee juu. Alfajiri ute umepungua sana, wakati mwingine unadhani umepona. Saa nane mchana umejaa tena. Baadhi ya jamii zake, hasa Ostreopsis, zina sumu, na konokono wanaoula huishiwa nguvu na kufa.

Ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, kipimo cha chujio la kahawa kitakusaidia. Fyonza ute kidogo kwenye chupa yenye maji ya tangi, tikisa kwa nguvu mpaka upotee, kisha chuja. Maji yaliyopita kwenye chujio yaweke karibu na taa kwa saa moja. Yakijikusanya tena na kufanya nyuzi au mabonge ya ute, hizo ni dainoflajelati. Dayatomu hazifanyi hivyo.

*Sayanobakteria.* Utando mwekundu wa damu ya mzee, wakati mwingine wa kijani kibichi au mweusi. Unabanduka kama karatasi iliyolowa, kipande kizima kwa mkupuo, na una harufu mbaya ukiunusa nje ya maji. Watu wengi huuita mwani, lakini ni bakteria wanaotumia mwanga. Hupenda pembe ambazo maji hayatembei.

*Nywele za kijani.* Nyuzi laini za kijani, fupi au ndefu hadi sentimita kadhaa. Ukivuta zinakatika, sehemu ya chini inabaki kwenye jiwe.

*Bryopsis.* Wageni huichanganya na nywele za kijani. Toa shina moja, liweke kwenye kisahani cheupe chenye maji, ulitazame kwa karibu. Kama lina vitawi vidogo pande mbili za shina, mfano wa unyoya, ni Bryopsis. Konokono wengi hawaigusi.

*Valonia.* Vipovu vigumu vya kijani vinavyong'aa, vidogo kama punje ya mtama au vikubwa kama zabibu, vimeshikilia mawe.

Na yuko mmoja ambaye si adui: gamba gumu la zambarau au waridi linalotambaa juu ya mawe na kioo. Hilo liache likue. Nimewahi kuombwa ushauri wa kuliondoa, na nawasihi wote: msilikwangue. Mawe yaliyofunikwa nalo hayaachi nafasi ya mwani mbaya. Vilevile ukungu mwembamba wa kijani kwenye kioo, ule unaofutika kwa sponji kila baada ya siku mbili tatu, ni jambo la kawaida kwenye tangi lolote lenye uhai.

Hatua ya 3: Pima tangi, kisha pima maji unayotilia

Kwenye tangi lenye samaki na matumbawe, naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 ni viwango vya kuishi navyo. Usitafute sifuri.

Kisha pima maji yako masafi kabla ya kuyatia chumvi, na baada ya kuyatia. Wengi wanapima tangi tu, halafu kila Jumamosi wanalijaza kwa ndoo ileile iliyobeba tatizo.

Elewa pia kwamba mwani ukiwa mwingi, wenyewe unafyonza fosfeti na naitreti haraka kiasi kwamba kipimo kinasoma karibu na sifuri. Hapo kipimo kinakuonyesha masalia tu. Chakula halisi kiko ndani ya mwani.

Hatua ya 4: Shughulikia chanzo cha maji

Hapa ndipo sisi wa miji hii tunapotofautiana na mfugaji wa Dar es Salaam, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Kila mtu anaijua floraidi inayotia meno rangi, na wengi wanadhani ndiyo inayoleta mwani. Sivyo. Maji ya bahari yenyewe yana floraidi ya takriban miligramu 1.3 kwa lita. Kinachotusumbua kwenye akwariamu ni silika, ambayo maji ya miamba ya volkano huwa nayo kwa wingi, na hiyo ndiyo karamu ya dayatomu. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo au shamba lenye mbolea huongeza naitreti juu yake.

Suluhisho ni maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO, unaosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia madini, kisha kwenye resini, chembe zinazonasa madini yaliyobaki. RO peke yake inapunguza silika sana lakini haiimalizi. Kipimo cha TDS, kinachokadiria madini yaliyoyeyuka kwa kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, nacho kina upofu: silika haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo unaweza kusoma sifuri huku silika ikipita, na ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuvuja resini inapokaribia kuchoka. Badilisha resini mapema, usingoje namba ipande.

Ukinunua maji ya dumu kwenye maduka ya maji yaliyosafishwa, muulize muuzaji yanasafishwaje. Kama ni RO, sawa, yapime kisha uamue. Kama yamepita kwenye mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanyia utafiti kwa ajili ya kuondoa floraidi, ni maji mazuri kwa kunywa lakini kwa tangi uwe mwangalifu. Kiini cha mkaa wa mifupa ni kalsiamu fosfeti. Pima fosfeti kabla ya kutia tone.

Wengine huagiza maji ya bahari kutoka Tanga kwa basi au lori. Njia hii ni nzuri kama maji yamechotwa mbali na bandari na mbali na midomo ya mito, wakati wa maji kujaa. Mto Pangani unaanzia huku kwetu: Kikuletwa na Ruvu hukutana Nyumba ya Mungu, na kinachooshwa kwenye mashamba ya njiani huteremka hadi baharini. Wakati wa masika usichote karibu na mdomo wake.

Kwa chumvi, tumia iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu ya baharini, takriban gramu 35 hadi 38 kwa lita kama pakiti inavyoelekeza. Chumvi ya jikoni haifai kabisa. Haina kalsiamu, magnesi wala madini mengine ambayo viumbe wa baharini wanayategemea.

Hatua ya 5: Toa kwa mkono

Kazi hii haina mbadala. Kila gramu unayoitoa ni fosfeti na naitreti iliyotoka tangini.

Zima pampu za mkondo. Nywele za kijani zing'oe kwa vidole au zizungushe kwenye mswaki, huku mpira wa kufyonza ukiwa umesogezwa karibu ili vipande visisambae. Jiwe linaloweza kutoka, litoe, ulisugulie kwenye ndoo ya maji chumvi ya zamani, ulisuuze kwenye ndoo ya pili, ndipo ulirudishe. Sayanobakteria na dainoflajelati usizisugue: fyonza tu, pamoja na tabaka la juu la mchanga ikibidi. Valonia iondoe nje ya tangi kwa ncha ya kadi, taratibu, isipasuke.

Jiwe dogo lisilo na tumbawe lenye nywele sugu unaweza kulipaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Litoe nje, paka sehemu yenye mwani, ngoja dakika mbili au tatu, suuza vizuri kwa maji chumvi, rudisha. Kagua kwanza kama hakuna kamba, konokono au mnyoo aliyejificha.

Hatua ya 6: Badili mazoea

Taa ziwake saa 8 kwa siku, kwa taima. Tangi lililo mbele ya dirisha linalopigwa na jua la mchana lihamishe au weka pazia zito.

Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kilichoganda kiyeyushe, kichuje, umwage maji yake. Dagaa waliosagwa ni rahisi kupata, lakini wana mifupa, na mifupa ni fosfeti. Wape mara mojamoja tu.

Elekeza pampu kwenye kila pembe iliyolala. Osha sponji za kichujio kila baada ya siku tatu nne, na kikombe cha skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, kisafishwe kabla hakijajaa.

Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Fanya hesabu usije ukavunjika moyo: naitreti ikiwa 40, ukibadilisha asilimia 10 kwa maji masafi inabaki 36. Ni kazi ya wiki nyingi.

Hatua ya 7: Tibu kulingana na jina

*Dayatomu:* Rekebisha maji ya kutilia, safisha kioo, ngoja. Tangi changa hujisafisha lenyewe ndani ya wiki kadhaa. Hakuna dawa ya kununua.

*Nywele za kijani:* Hatua ya 4 hadi ya 6 zinatosha, ukivumilia. Fosfeti ikikataa kushuka, tumia chembe za oksidi ya chuma zinazofyonza fosfeti. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Fosfeti ikianguka ghafla matumbawe huungua.

*Bryopsis:* Flukonazoli, ile ya vidonge vya fangasi, kwa miligramu 5 kwa lita. Tangi lenye lita 100 halisi za maji, ukishatoa nafasi ya mawe na mchanga, linahitaji miligramu 500. Tumia vidonge au unga wa kapsuli peke yake, si dawa ya maji wala krimu. Toa mkaa wa kuchujia, zima skima, washa pampu ya hewa, acha siku 14, kisha badilisha maji na urudishe mkaa.

*Sayanobakteria:* Fyonza, ongeza mkondo, badilisha maji. Zikirudi, zima taa siku tatu na ufunike tangi kwa blanketi, ukiacha juu pa kupitishia hewa. Kuna wanaotia viuavijasumu kama erithromaisini. Siwaungi mkono. Dawa hiyo haichagui, inaweza kuua bakteria wanaosafisha amonia, nawe ukajikuta na samaki wanaokufa katika tangi lisilo na utando.

*Dainoflajelati:* Hapa fanya kinyume cha mengi uliyoyasoma juu. Kwa kawaida huibuka katika tangi lililosafishwa kupita kiasi, naitreti na fosfeti zikiwa sifuri. Acha kubadilisha maji kwa muda. Toa vifyonza fosfeti. Punguza saa za skima. Lisha zaidi mpaka naitreti ifike 5 hadi 10 na fosfeti karibu 0.1, ubaki hapo wiki kadhaa ili viumbe wengine wapate nguvu ya kushindana nazo. Aina zinazoelea majini usiku, kama Ostreopsis, hupigwa vizuri na taa ya UV (mionzi inayoua vijidudu) inayopitishiwa maji ya tangi usiku kucha. Weka mkaa wa kuchujia ili kunyonya sumu. Tangi likigeuka kijani kidogo katikati ya tiba hii, furahi: washindani wamerudi.

Hatua ya 8: Leta walaji, mwisho kabisa

Konokono wa baharini na kaa wadogo wanaoishi kwenye maganda hula mwani mfupi, hawana kazi na nywele ndefu. Kwa hiyo waje baada ya kung'oa. Samaki aina ya tafi na kangaja ni walaji hodari, ila wanakua na wanataka tangi kubwa, lita 400 na kuendelea. Miiba ya tafi ina sumu, usimshike kwa mkono mtupu. Walaji wanunue kwa mtu mwenye kibali. Maeneo ya hifadhi ya bahari, kama ya Tanga na Mafia, usiokote humo hata ganda.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kubadilisha vitu vitano siku moja. Tangi likitengemaa au likiharibika hutajua ni kipi kilichosababisha. Badilisha kimoja, ngoja wiki, andika.

Kuzima taa siku tatu bila kuongeza hewa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa yanabeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko maji ya joto hilohilo Tanga. Mwani unaokufa gizani unakula hiyo iliyobaki.

Kuongeza naitreti kwa mbolea ya duka la pembejeo. CAN na NPK zina amonia, na amonia inaua samaki.

Kuosha mawe na sponji kwa maji ya bomba. Klorini inaua bakteria wako wote wazuri.

Ukikwama

*Vipimo vinasoma sifuri lakini nywele za kijani zimejaa.* Mwani umekula kila kitu. Ng'oa kwa wingi, pima tena baada ya siku tatu.

*Mchanga unakuwa kahawia kila baada ya kubadilisha maji.* Kama ni vumbi, shuku silika: badilisha resini, kagua RO. Kama ni ute wenye nyuzi, rudi kwenye kipimo cha chujio la kahawa.

*Nywele zimekufa, sasa umeingia utando mwekundu.* Kilichokufa kimeachia chakula chake majini. Fyonza mabaki, badilisha asilimia 20, ongeza mkondo.

*Konokono wanakufa mmoja mmoja.* Pima chumvi na amonia kwanza. Zikiwa sawa na kuna ute wa kahawia, zichukulie ni dainoflajelati zenye sumu na uweke mkaa leo.

*Umeme ulikatika usiku kucha, siku chache baadaye mwani umelipuka.* Vijidudu vilikufa kwa kukosa hewa, vikaoza. Pima amonia, badilisha maji, osha sponji zote kwa maji ya tangi. Pampu ya betri iwe imeunganishwa tayari kabla ya mgao mwingine.

*Samaki wanahema juu ya maji alfajiri wakati wa tiba yoyote.* Washa pampu ya hewa, elekeza mkondo uvunje uso wa maji, fungua kifuniko. Kama hawajatulia ndani ya nusu saa, badilisha robo ya maji na usitishe tiba.